Siku tano na jiwe la chokaa: maoni yangu kuhusu kozi ya ramani za hifadhi za mafuta, Muscat

Asubuhi ya kwanza mwalimu aliweka mezani vipande viwili vya jiwe, vyote vyeupe, kila kimoja saizi ya kiberiti, vyote vimetoka tabaka moja la mwamba. Akanipa kichupa cha maji, cha aina ile ya dawa ya macho, akaniambia nidondoshe tone moja juu ya kila kipande. Tone la kwanza lilizama kabla sijainua mkono. La pili likakaa juu ya jiwe, duara, linatetemeka kama tone la mvua juu ya jani la jimbi. Tulikwenda kunywa chai tukarudi, bado lipo.

“Haya,” akasema. “Visima viwili, hatua mia tatu baina yao. Kimoja kinatoa mafuta, kimoja hakitoi kitu. Nichorieni ramani.”

Nafanya kazi Muscat, huu mwaka wa sita, katika ofisi inayopokea data za visima na kuzipanga zisomeke. Ramani za chini ya ardhi zinapita mezani kwangu kila siku, zimepakwa nyekundu, njano na buluu, na kwa muda mrefu niliziamini kama mtu anavyoiamini ramani ya barabara. Kozi hii inafundisha kuchora hifadhi za mafuta zilizomo ndani ya miamba ya chokaa. Niliilipia mwenyewe, rial 540, na siku tano nikazikata kwenye likizo yangu ya mwaka. Jina la wanaoitoa sitaliandika, maana nina lawama mbili na nimeshawapelekea wenyewe kwa maandishi. Aliyemo kwenye kazi hizi hapa mjini atawajua tu: kampuni ndogo, wakufunzi watatu, basi dogo moja.

Mwalimu mkuu ni bibi wa Kiomani mwenye miaka thelathini ya kazi za jangwani. Mama yake kazaliwa Wete. Aliposikia nimetoka Jambiani, akaacha Kiingereza palepale: “Mwanangu, wewe umezaliwa juu ya jiwe hili hili, na bado umekuja kulipa ufundishwe?” Nikamwambia, “Shikamoo Mwalimu, ndiyo maana nimekuja.” Darasani tulikuwa kumi na wawili, watatu kati yetu tunazungumza Kiswahili, na mambo mengi magumu yaliniingia wakati wa kahawa, si wakati wa somo.

Nieleze kwanza kwa nini chokaa ina kozi yake peke yake. Mwamba wa mchanga una tabia ya kubadilika polepole. Ukijua ulivyo hapa, una nafasi nzuri ya kukisia ulivyo pale. Chokaa sivyo. Chokaa ilikuwa viumbe hai: magamba ya chaza, matumbawe, vijidudu vya baharini, tope la magamba yaliyosagika. Ikishafukiwa, maji yanaiyeyusha mahali pamoja na kuiziba mahali pengine. Magnesi inaingia na kuigeuza dolomiti, jiwe jingine lenye magnesi ndani yake. Ardhi ikisukumana, inapasuka. Na ndani ya jiwe hili lisilotabirika ndimo kulimo sehemu kubwa ya mafuta ya dunia. Ghawar ya Saudia, hifadhi kubwa kuliko zote, ndefu kuliko kilomita 200, ni chokaa. Kirkuk ya Iraq ni chokaa. Hapa Oman, Yibal, Natih na Fahud zote ni chokaa.

Siku ya kwanza yote ilikuwa kwenye ghala la kore, yaani ile miche ya jiwe inayokatwa kisimani na kuletwa juu. Masanduku yamepangwa kwenye rafu mpaka darini, na kila mche umepasuliwa kwa urefu kama muhogo. Tulipewa lenzi ya mkono, chupa ya asidi hafifu na karatasi ya mraba. Chokaa ikipata asidi inachemka. Dolomiti inakaa kimya mpaka uikwaruze upate unga wake. Tukafundishwa kuyapanga mawe kwa mtindo wa mwanajiolojia Robert Dunham wa mwaka 1962, ambao unauliza jambo moja kabla ya mengine: uzito wa jiwe umebebwa na nini, tope au chembe? Mwalimu alinifafanulia kwa Kiswahili kwa mfano wa sufuria. Kuna uji wenye njugu mbili tatu zinazoelea, na kuna sufuria ya mbaazi, mbaazi zimekaliana na nazi inapita katikati. Jiwe la uji ukilidondoshea maji, tone linabaki juu. Jiwe la mbaazi linakunywa. Tangu siku hiyo, nikisoma ripoti ya kore nayaona yale masufuria mawili.

Lakini hata jiwe la mbaazi linaweza kukuhadaa, na hili nililiona kwa darubini mchana huohuo. Kipande cha jiwe kinasuguliwa mpaka unene wa sehemu tatu za mia za milimita, mwanga unapita ndani yake. Kabla ya kusuguliwa kinanyweshwa gundi ya buluu, kwa hiyo kila penye nafasi tupu panakuwa buluu. Kipande cha kwanza kilikuwa na vitundu vikubwa vya buluu, umbo la konokono, umbo la magamba. Gamba lenyewe limeyeyuka, pamebaki pahala pake. Nikafurahi nikasema hii hifadhi nzuri sana. Mwalimu akaniambia nitafute njia ya kutoka tundu moja kwenda la pili. Niliizungusha meza ya darubini robo saa nzima. Hapakuwa na njia. Kila tundu lilikuwa chumba kilichojengwa bila mlango. Porositi ya jiwe lile, yaani sehemu yake iliyo tupu, ilikuwa kubwa kwenye karatasi, na mafuta yasingetoka. Mimi mwenyewe nimewahi kupitisha majedwali ya porositi kwa mamia, nikiamini namba kubwa ni habari njema. Kwa saa ile moja peke yake, rial zangu zilikuwa zimesharudi.

Siku ya pili na ya tatu tulipanda milimani. Hili ndilo linaloifanya Oman mahali pa kujifunzia kazi hii: miamba ambayo jangwani imezikwa chini kabisa, hapa imeinuliwa juu uiguse kwa mkono. Tulilala Nizwa, na alfajiri tukaingia kwenye wadi, yaani bonde la mto mkavu, inayoanzia Birkat al Mawz, kabla jua halijawa kali. Chini kuna tabaka la chokaa liitwalo Shuaiba, kijivu, imesimama kama ukuta. Juu yake mteremko laini wa Nahr Umr, jiwe la tope, ambalo chini ya jangwa ndilo linaloyafunika mafuta ya Shuaiba yasipande. Juu zaidi kuta za tabaka la Natih, lenye jina moja na ile hifadhi, ngazi juu ya ngazi, ambazo wataalamu wamezigawa kwa herufi A mpaka G kutoka juu kwenda chini. Miaka sita naandika majina haya kwenye kompyuta. Sikuwahi kujua kwamba Nahr Umr unaukanyaga na unateleza.

Kwenye ukuta mmoja mwalimu alitusimamisha mbele ya rudisti. Ni chaza wa zamani, walioishi bahari za joto na wakatoweka pamoja na dinosauri miaka milioni 66 iliyopita. Walikuwa na gamba lenye umbo la pembe, wakasimama kwa makundi kama vikombe vya kahawa kwenye sinia. Kundi lile lilikuwa na upana wa chumba cha kulala. Kushoto kwake mita nne, tope tupu. Tulipewa kazi ya kulichora: kila mmoja alipewa “visima” viwili, yaani mistari miwili ya chaki kutoka juu hadi chini ya ukuta, na akaruhusiwa kuchora kwa kutumia kile tu ambacho mistari yake imekigusa. Kisha tukarudi nyuma hatua ishirini na kulinganisha. Kati yetu kumi na wawili, wanne walikosa kundi la rudisti moja kwa moja. Mimi niliwamo. Mistari yangu yote miwili ilipita kwenye tope, na mkono wangu ulikuwa umechora hifadhi iliyokufa, huku magamba yakiwa mbele ya macho yangu.

Jioni ya siku hiyo tulikaa nje, na mwalimu akachora kwa kisigino kwenye vumbi habari ya Fahud. Januari 1956 kisima cha kwanza kilianza kuchimbwa pale, mahali ambapo matabaka yamejikunja waziwazi hata asiye mtaalamu angeyaona. Mwaka 1957 kikaachwa, kikavu. Mwaka 1960 wabia wengi wa kampuni iliyokuwa ikichimba wakajitoa katika biashara nzima. Yibal ikapatikana 1962, Natih 1963, na mwaka 1964 waliobaki wakarudi Fahud, wakachimba mita mia kadhaa tu kutoka pale pa kwanza, wakakuta mafuta. Kuna mpasuko mkubwa unaoukata mwamba. Upande mmoja umeshuka, upande mwingine umebaki juu na mafuta yake. Kisima cha 1956 kiliangukia upande usio wake. Julai 1967 meli ya kwanza ya mafuta ya Oman ikaondoka. Mwalimu alichora ule mpasuko, akasimama mguu huku, mguu kule. Hakuna aliyezungumza kwa muda.

Nyufa ndizo zilizonigusa zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Ndani ya chokaa, mafuta mengi yamelala kwenye jiwe lenyewe, lakini njia za kutembelea ni nyufa. Ukisukuma maji kuyafukuza mafuta, maji yanakimbilia kwenye nyufa na kutokea kisima cha pili, na mafuta yanabaki palepale yalipo. Kwenye hifadhi ya Qarn Alam, ambayo mafuta yake ni mazito, wanapeleka mvuke ndani ya nyufa hizohizo ili jiwe lipate moto na mafuta yateremke kwa uzito wake. Asiyejua nyufa zimekaa vipi hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Na nyufa ni shida kuzipata: nyingi zimesimama wima, na kisima kilichochimbwa wima kinaweza kushuka baina yake bila kuugusa hata mmoja. Kisima cha kulala ndicho kinachozikata.

Babu yangu alikuwa fundi wa visima Jambiani, na visima vyetu vyote vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe. Nyumbani kwetu vilikuwa viwili, hatua thelathini baina yao. Kimoja maji yake matamu mwaka mzima. Cha pili kilikuwa kizuri mpaka bahari inapojaa. Siku za bamvua maji yalipanda pamoja na bahari na kugeuka munyu, mbuzi wenyewe hawayataki. Babu alisema jiwe lina mlango wa baharini. Alikuwa akimwaga ndoo ya maji chini ya shimo jipya na kuinama kuangalia yanakimbilia wapi. Ufa wowote aliouona aliuwekea alama ya makaa juu ukutani ili shimo linalofuata aliepushe nao.

Siku ya tatu mwalimu alituuliza kisima kinapokunywa matope kinatuambia nini. Matope ya kuchimbia yanazunguka kutoka juu kwenda chini na kurudi. Wakati mwingine hayarudi, jiwe limeyanywa. Katika ripoti za kila siku za uchimbaji ninazozipokea, jambo hilo linaandikwa kwenye safu ya matatizo: saa ngapi zimepotea, mapipa mangapi yamepotea. Nami nimekuwa nikiliweka kwenye faili la matatizo, na kwenye ramani halifiki. Mwalimu akasema, “Mwanangu, kisima kimekuonyesha mlango, nawe umeuandika kuwa hasara.” Nilimweleza habari ya babu na ndoo yake. Akawageukia wenzangu akawaeleza yote kwa Kiingereza, na kesho yake ile ndoo ya Jambiani imo kwenye ubao.

Sifa nyingine anastahili: alituonya mapema kwamba nyufa za mlimani si zote za chini ya jangwa, kwa kuwa nyingine zimetokea mlima wenyewe ulipoinuka. Nimeona watu wazima wakipima nyufa za bondeni na kuziingiza kwenye modeli, yaani mfano wa hifadhi ndani ya kompyuta, kama zilivyo.

Sasa siku mbili za mwisho, darasani na kompyuta. Sehemu ya mitetemo, yaani mawimbi yanayopelekwa ardhini ili mwangwi wake uonyeshe matabaka, ilikuwa fupi lakini safi. Mtetemo unakwenda kwenye chokaa ngumu kwa kiasi cha mita 5,000 kwa sekunde. Kwa hezi 40, yaani mawimbi 40 kwa sekunde, wimbi moja lina mita 125, na tabaka jembamba kuliko robo yake, mita 31 hivi, juu yake na chini yake huwezi kuvitenganisha. Ni kama kuambiwa uhesabu nyumba za mtaa huku unachoweza kuona ni ghorofa kumi kwa pamoja. Kundi letu la rudisti lisingeonekana. Baadaye ikaja hesabu ya kukisia baina ya visima, inayoitwa krigingi kwa jina la Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, aliyeanza kwa kukadiria dhahabu ya Witwatersrand katika miaka ya 1950. Hesabu hiyo inatoa ramani moja laini, na ulaini huo chokaa haina. Kwa hiyo tulifundishwa kuzalisha ramani nyingi, kila moja inakubaliana na visima vyote, kila moja tofauti na mwenzake. Tulichapa kumi na mbili, tukazitandaza sakafuni, tukavua viatu na kutembea juu yake. Panapobaki pekundu kwenye ramani zote, weka alama. Panapobadilikabadilika, weka alama nyingine. Zoezi hilo nalisifu kwa moyo wote. Nusu saa sakafuni, na nilielewa neno “mashaka” kwenye modeli kuliko nilivyolielewa kwa miaka.

Lawama ya kwanza iko hapohapo. Data tuliyopewa kwa mazoezi ya kompyuta ilikuwa ya mwamba wa mchanga kutoka Bahari ya Kaskazini. Baada ya siku tatu za chokaa, za rudisti na nyufa na vyumba visivyo na milango, tukakaa kuchora mito ya mchanga. Najua data za chokaa za hapa ni siri ya wenyewe na hazigawiwi. Lakini ule ukuta wa wadi tuliouchora kwa chaki ungetosha: upimwe, upigwe picha, ufanywe seti ya data ya kufundishia. Wana kila kitu cha kuifanyia. Tena kompyuta zilikuwa sita kwa watu kumi na wawili, na nilipata mwenzangu mwepesi wa mkono, kwa hiyo alasiri nzima ya siku ya nne nilitazama bega lake. Mtu anayelipa rial 540 anastahili kipanya chake.

Lawama ya pili ni kitabu. Kurasa zaidi ya mia mbili, maelezo mazuri sana, michoro ya mwalimu mwenyewe, na vyote vimechapwa kwa nyeusi na nyeupe. Zile picha za darubini, ambazo maana yake yote imo kwenye buluu, zimetoka kijivu juu ya kijivu. Nafasi tupu na jiwe havitofautiani. Nilikaa usiku mmoja na kalamu ya buluu nikajaribu kuzipaka kwa kumbukumbu. Nilifika picha ya tisa.

Chakula kilikuwa kizuri, wali na samaki, na wa milimani walitufungia tende na laban. Basi lina kiyoyozi kinachofanya kazi. Usalama wameuangalia: kofia ngumu, maji lita tano kwa mtu, na walighairi kuingia wadi moja kwa sababu ya mawingu upande wa juu ingawa kwetu jua lilikuwa linawaka. Walifanya sawa kabisa. Wadi haina msamaha mvua ikinyesha mlimani.

Nani aende? Wewe uliyemo kwenye ofisi za data kama mimi, nenda bila kusita. Mhandisi wa uchimbaji, nenda, khasa kwa siku ya tatu. Mwanafunzi wa jiolojia kutoka Dar au Nairobi anayepata ufadhili, nenda, na ukirudi nyumbani utalitazama jiwe la Amboni au la kuta za Fort Jesus kwa jicho jingine. Anayetaka kujifunza programu ya modeli peke yake asiende. Atalipa siku tatu za mawe kwa siku moja na nusu ya kompyuta ya kushirikiana. Chukua viatu vyenye soli ngumu, lenzi yako mwenyewe kama unayo, na uchague duru ya Novemba hadi Februari.

Niliporudi kazini nilitoa faili la matatizo. Kwa ruhusa ya mkuu wangu nilichukua visima kumi na tisa vya sehemu moja na kuweka nukta kila mahali matope yalipopotea, kwenye karatasi ya kupitishia mwanga, kisha nikaiweka juu ya ramani iliyopo. Nukta kumi na moja zilikaa kwenye mstari mmoja unaokwenda kaskazini magharibi, mahali ambapo ramani haina ufa wowote. Wanaoshughulika na modeli wameichukua wiki iliyopita na sasa wanaichunguza.

Waandaaji wa kozi wamenijibu. Kitabu cha duru ijayo kitachapwa kwa rangi, na sisi wa duru hii tutatumiwa faili la picha. Kuhusu data ya chokaa na idadi ya kompyuta bado hawajasema kitu, nami nimewaandikia tena jana.